Saa ya Marehemu Issa Tuliyoiita Feki

Sehemu ya tisa

Kwa aliyelikosa gazeti wiki iliyopita nitasema kwa kifupi, maana aibu yangu ni ndefu ya kutosha bila kuirefusha.

Mimi ni Mfaume, fundi saa wa Chikongola. Niliketi na wenzangu watatu tukaipima saa ya marehemu Issa, mpiga mbizi wa Mikindani, tukasema ni feki. Wiki iliyopita tukagundua ni ya kweli. Na kwa sababu ya neno letu, mjane wake, Asia, anakaribia kutolewa nyumbani kwake.

Issa alimpa mkewe ile nyumba kwa mdomo, hakuacha karatasi. Alipofariki, kaka yake Ramadhani akakana. Akasema Issa alikuwa mwongo tangu utotoni, na mfano ni saa yake, ambayo eti alipewa na Mzungu mzee ambaye Issa alimvuta kutoka chini ya maji kwenye kazi za gesi.

"Ipimwe," Ramadhani alisema mbele ya wazee siku ya hitima. "Ikiwa ya kweli, naamini maneno yake yote na nyumba ni ya Asia. Ikiwa feki, basi na hiyo nyumba ni hadithi."

Wakatuletea sisi tuipime.

Wengi mmeniandikia: Fundi mzima, miaka kumi na sita mezani, ulishindwaje kuijua saa ya kweli? Nilijibu kwamba macho yangu yalinidanganya. Jibu hilo si la uongo. Lakini liwekeni akilini, tutalirudia, na tukilirudia mtanichukia.

Sisi ni wapenzi wa saa feki. Usicheke. Kila Jumapili alasiri tunakutana barazani kwa Mwalimu Kasiani, Mikindani, wanaume wanne na kopi zetu za saa za wapiga mbizi, zile za Uswisi ambazo za kweli tunaziona kwenye simu tu. Hakuna hata mmoja wetu anayepiga mbizi. Joshua, mwendesha winchi wa bandarini, kwao ni Mbeya, na maji yakimfika magotini anaanza kutubu.

Sheria yetu ni kutodanganyana. Feki ni feki, ila kuna feki yenye adabu na kuna feki ya mnadani. Mwalimu Kasiani anafundisha fizikia, ana mzani mdogo na daftari. Tunapima uzito. Tunazungusha pete ya juu na kuhesabu mibofyo, lazima ifike mia na ishirini. Tunaifunika saa kwa kanga tuone kama mishale inang'aa gizani.

Mwisho tunaifunga kwenye mshipi wa kuvulia wenye chubwi, ile risasi ya kuuzamisha, na kuishusha majini mpaka kikombe cha kahawa kiishe. Ikipanda na ukungu ndani ya kioo, tunasema imelia, na mwenyewe anatununulia kashata wote.

Kwa vipimo hivyo tuliihukumu saa ya Issa. Ilikuwa nyepesi. Mkanda wake wa chuma ulilegea ukawa unagongagonga. Pete ilikuwa imepauka ikawa kijivu, na haikubofya hata mara moja. Chini ya kanga haikung'aa.

"Ya mnadani," alisema Kasiani, akaandika. Hata majini hatukuishusha.

Kumbe saa ya kweli ikizeeka ndivyo inavyokuwa. Tungejuaje? Miaka yote tulikuwa tunaijua ya kweli kwa kutazama feki zake nzuri.

Asia alikuwa edani. Alipopelekewa hukumu na saa yake jioni ile ile hakulia. Alimwambia mke wangu Latifa, ambaye ni shoga yake, "Katupe baharini, sitaki kuiona." Latifa akaileta nyumbani usiku huo. Wiki ilipopita nikampa Rajabu, mwenzetu wa nne, kwa kubadilishana na mkanda wa raba.

Miezi miwili baadaye, yaani wiki iliyopita, ikaja picha kwenye simu ya Asia. Binti wa yule Mzungu alimpelekea. Babake yuko juu ya meli, kijana bado, mkononi ana saa ile ile, na chini ya picha imeandikwa namba iliyopigwa ndani ya mfuniko wa nyuma. Wakati huo eda imebakiza siku chache. Na Ramadhani ameshaitisha kikao cha ukoo, Ijumaa baada ya swala, na fundi wake mwenyewe wa kuifungua saa mbele ya wazee.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa twendeni Kilambo.

Jumatano asubuhi nilipanda bodaboda mpaka kivukoni. Rajabu anauza mikanda, betri na saa kwa watu wa ng'ambo ya Ruvuma, na nilijua nisipomkuta upande wetu nitakuwa nimekwisha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Rajabu ni mtu wa kubembelezwa. Hata kalamu yako ukimwazima, kuirudisha anataka uapishwe.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia la makopa ya muhogo, anangoja mtumbwi. Mkono wake wa kushoto una saa ya Issa.

"Umechelewa," akasema, hata salamu bado.

"Nimechelewa nini? Ulijua nakuja?"

"Nilijua utakuja. Siku ndiyo sikuijua."

Akaivua akanipa. Hivyo tu. Hakudai mkanda wake wa raba, hakudai hata soda. Nikaishika ile saa nikamtazama upya, maana mimi na Rajabu tunafahamiana miaka kumi na sijawahi kumwona akitoa kitu bila kuombwa mara tatu.

"Nani alikwambia nitakuja?"

"Nkeo."

"Mke wangu?"

"Kwani unao wangapi?" Akacheka peke yake. "Alinipigia wiki ile ile uliyonipa saa. Akasema, Rajabu, hiyo saa usiiuze, usiigawe, wala usivuke nayo mto. Ntu wa kuifuata ni mume wangu, atakuja mwenyewe. Na usinwambie kama nimekupigia."

"Sasa mbona unaniambia?"

"Si umeniuliza?"

Wiki ile ile! Miezi miwili kabla ya picha kufika, kabla mtu yeyote hajajua kitu, mke wangu anampigia Rajabu simu na kumwomba siri.

"Namba yako kaitoa wapi?"

Rajabu akageuka akautazama mto, kama ambaye hajawahi kuuona. "Hilo nkaulizane nyumbani."

Ndugu msomaji, kama umewahi kuoa unajua jibu la namna hiyo linavyoingia mwilini. Nilisimama pale na saa mkononi, niliyoililia wiki nzima, na sikuiona tena. Nilimwona Latifa na simu. Nikaanza kukumbuka mambo ambayo sikuwa nimeyaona kuwa ni mambo: ile kanga mpya ya Idi aliyosema kapewa na dada yake, Rajabu kuuliza "shemeji hajambo?" kila Jumapili wakati mke wa Joshua hamuulizii.

Mwenye mtumbwi akaita. Rajabu akajitwika gunia lake, kisha akageuka.

"Halafu hiyo saa ina kichaa. Inakimbia dakika kumi kila siku. Mara mbili nimewahi nsikitini nikankuta mwadhini bado anakunywa chai."

Nilipaswa kuiweka sikioni pale pale. Sikuiweka. Fundi gani anaambiwa saa inakimbia asiisikilize? Fundi anayesikiliza wivu, basi, ndiye huyo. Nikaitia mfukoni, nikapanda bodaboda.

Nyumbani nilimkuta Latifa jikoni anatwanga kisamvu. Sikusema nilikotoka. Nilitaka kuona atasema nini.

"Umeipata?" akauliza, hajainua hata uso.

"Nimepata nini?"

"Ulichokiendea Kilambo."

"Nani kakwambia nimeenda Kilambo?"

"Viatu vyako, Baba Nuru. Matope yale si ya Chikongola."

Nikajitazama miguu. Akaendelea kutwanga. Nikamwangalia mgongo, nikijiuliza tangu lini mwanamke huyu amekuwa mpelelezi, na ana nini cha kuficha mpaka awe anapeleleza wengine. Simu yake ilikuwa juu ya kinu cha pili, imelazwa kifudifudi. Wasomaji, simu ya mtu asiye na siri hulazwa chali.

"Rajabu anakusalimu," nikatupa neno.

"Aleika salamu," akajibu.

Hakushtuka hata kidogo. Nikazidi kumshuku kwa sababu hakushtuka. Angeshtuka pia ningemshuku, sasa hapo mtu ataponea wapi?

Tulipokaa kula, ugali wa muhogo na kile kisamvu, ndipo aliponiuliza: "Ijumaa utamwambia nini Asia?"

"Nitamwambia tulikosea. Wote wanne."

"Wote wanne," akarudia taratibu. Akanawa mikono chakula kikiwa nusu, akaenda kumlaza Nuru.

Ile saa ya Issa nililala nayo, nimeitia ndani ya soksi.

Alhamisi alasiri nikaenda Mikindani. Haikuwa siku yetu ya baraza, lakini nilimwomba Mwalimu Kasiani atuite wote. Ramadhani na wazee waliiamini hukumu ile kwa sababu ya jina la Mwalimu na daftari lake. Mwalimu akiandika barua kwamba tulikosea, na fundi wa Ramadhani akaifungua kesho akaikuta namba na mashine ya Kiswisi ndani, mambo yamekwisha. Asia anabaki kwake.

Nilimkuta Mwalimu amekwisha kutandika kanga mezani na kuweka mzani. Joshua alikuwa pembeni, simu mkononi, vidole vinakimbia.

"Unamwandikia nani?" nikamuuliza.

"Kaka, huwa nakuuliza wewe unaandikiana na nani?"

Niliuliza kwa sababu. Joshua amepanga chumba kwa Ramadhani huyo huyo, pale nyuma ya soko. Miezi miwili iliyopita sikulijali jambo hilo. Sasa nililijali. Nani alikuwa wa kwanza kuigonga ile saa Jumapili ile na kusema "hii hata mnadani wataikataa"? Alikuwa Joshua.

Rajabu naye akatokea, kavuka mto asubuhi na kuja moja kwa moja. Hakuna aliyekuwa amemwalika mbali na Mwalimu. Akanisalimu kwa mkono wa joto mno. Nikaupokea kwa ubaridi.

"Ndugu zangu," akasema Kasiani, "kabla sijaandika barua, tufanye kazi yetu. Mimi nilisema feki kwa vipimo. Nitasema kweli kwa vipimo."

Akaiweka saa kwenye mzani. Akafungua daftari, akalaza kidole kwenye ukurasa wa Jumapili ile. Akatazama mzani. Akatazama tena daftari. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Siku ile tulipata gramu tisini na sita," akasema. "Leo ni themanini na nane."

"Mzani wako umechoka, Mwalimu," akasema Joshua.

Kasiani akavua saa yake mwenyewe akaipima: mia na hamsini na mbili, kama siku zote. Mzani haukuwa na neno.

"Saa haikondi," akasema. "Gramu nane zimekwenda wapi?"

Wote tukamgeukia Rajabu.

"Mnanitazama nini?" akaruka. "Mimi nimevaa tu! Hata ufunguo wa nfuniko sina. Mwenye ufunguo hapa ni nani?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Si saa yenyewe hii," akasema Joshua. "Amebadilisha. Kakuletea nyingine."

"Ni yenyewe," nikasema. Na kweli ilikuwa yenyewe. Kioo kilikuwa na mkwaruzo wa pingu ya chuma ya kamba ya kuzamia, ule ule, kuanzia kwenye saa mbili kwenda kwenye saa nne. Pete ile ile ya kijivu, mkanda ule ule unaogonga. Ndipo hatimaye nikaiweka sikioni.

Mlio wake ulikuwa wa haraka, mkavu, wa kelele. Mlio huo naujua, nimelala nao miaka kumi na sita. Ni wa mashine za bei ya chini ambazo ninazo mezani kopo zima.

"Ifungue," akasema Kasiani.

"Mwalimu, tungengoja kesho..."

"Ifungue, Fundi. Kesho ataifungua mtu wa Ramadhani. Afadhali tuone wenyewe."

Nikatoa ufunguo mfukoni. Nikakosea nafasi mara mbili. Mfuniko ukalegea, ukatoka. Nikavaa lenzi jichoni, nikasoma namba ndani ya mfuniko, moja moja, huku Rajabu akiilinganisha na ile ya kwenye picha aliyotutumia Asia.

"Ndiyo yenyewe," akasema Rajabu. "Zote. Hata ya mwisho."

Lakini mwilini mwa saa hamkuwa na Uswisi. Kulikuwa na mashine ya kopo, imezungushiwa kipande cha plastiki isichezecheze, na uso wa saa umegandishwa kwa gundi. Kazi ya haraka, lakini safi. Kazi ya mtu aliyefundishwa.

Nani aliyefundishwa katika mji huu? Nilijua jibu kabla sijalitaka.

"Kuna nini tena hapo kwenye mfuniko?" Kasiani alikuwa ameinama begani kwangu na kioo chake cha kukuzia. "Hapo pembeni, pamekwaruzwa kwa sindano."

Mafundi saa tuna desturi. Ukifungua saa ya mtu, unatia alama yako ndogo ndani ya mfuniko, na tarehe, ili fundi atakayekuja baadaye ajue nani aliingia kabla yake. Ndani ya mfuniko wa Issa kulikuwa na alama tatu za zamani, za mafundi wa Ulaya, zimefifia. Na moja mpya, inang'aa. Ndoana ndogo, na tarehe ya Jumatano ile baada ya hukumu yetu.

Ndoana ni alama yangu.

Hakukuwa na haja ya kuwaeleza wenzangu. Kila mmoja wao ana ndoana hiyo ndani ya saa yake, maana zote nimezifungua mimi. Joshua akavua yake, akaigeuza, akaitazama kama inaweza kumjibu.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe ni wewe. Umetoa mashine ya marehemu, umeiuza, na sisi unatuita hapa kutuchezea."

"Na mimi ukanipa ganda," akasema Rajabu. "Halafu unakuja Kilambo kunitazama kama mwizi!"

Mwalimu Kasiani alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Mwalimu huyo ndiye aliyenipa kiti katika baraza lile nilipokuwa sijui hata kuhesabu mibofyo.

Jumatano ile nilikuwa Newala kumzika shangazi yangu. Ningeweza kusema hivyo. Nilikuwa na watu arobaini wa kunishuhudia. Lakini chini ya ndoana ile, kwa lenzi yangu, nilikuwa nimeona kitu ambacho wao kwa macho matupu hawakukiona. Kulikuwa na nukta moja.

Ndoana ni yangu. Ndoana yenye nukta ni ya mtu mwingine mmoja tu duniani. Ni mtu niliyemfundisha ufundi kwenye meza ile ile tulipokuwa wachumba, ambaye hukaa dukani ninaposafiri. Tulikubaliana atie nukta ili tujue kazi ya nani ni ipi.

Kwa hiyo nikanyamaza. Niseme nini? Kwamba si mimi, ni mke wangu? Na aliiba kwa ajili ya nani? Nikamtazama Rajabu tena, na zile simu, na ile kanga ya Idi. Ghadhabu ikanipanda mpaka masikio yakaziba.

Simu yangu ikaita pale mezani. Mikono yangu ilikuwa imeshika mfuniko na koleo. Joshua akainama akasoma jina.

"Mama Nuru," akasema. Akabonyeza, akaweka spika, nadhani kwa kunikomoa.

"Baba Nuru," sauti ya Latifa ikatoka, wazi kabisa. "Umeshaifungua?"

"Nimeifungua."

"Mbele ya nani?"

Nikawatazama mmoja mmoja. "Mbele ya wote."

"Vizuri. Basi na wasikie. Mashine ya Issa ninayo mimi. Haijaenda popote, iko kwenye pamba ndani ya kikasha cha pete yangu ya ndoa. Niliitoa ulipokuwa Newala, kwa sababu nilijua utaiondoa hiyo saa nyumbani kwa njia yoyote. Na nikatia alama, kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba fundi anayefungua bila kutia alama ni mwizi."

Rajabu akashusha pumzi. "Shemeji, waambie na namba nilikupa mimi mwenyewe, siku uliyonibadilishia betri dukani! Huyu ananitazama vibaya tangu jana!"

"Mwambie mwenyewe," akasema Latifa. "Mimi nina langu."

"Latifa," nikasema, "miezi miwili! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja wewe uniambie."

"Nikwambie nini?"

"Jumapili ile ulirudi hukula. Ulikaa kitandani, ukaiweka saa ya Issa sikioni, ukaitoa, ukaiweka tena. Nilikuwa mlangoni. Ulipolala na mimi nikaisikiliza. Ndipo nilipojua unajua."

Kasiani akaweka kalamu chini.

"Sasa nisikilize," akaendelea Latifa, na sauti yake ikaanza kutetemeka kwa mara ya kwanza. "Mashine nitairudisha leo, kwa mkono wangu. Lakini kesho fundi wa Ramadhani ataiona hiyo gundi, atasema mke wa fundi kaipandikiza. Nami sitakuwa na la kumjibu. Nilidhani naiokoa, kumbe nimeitia doa. Shahidi aliyebaki ni mmoja, yule aliyeisikia kabla mtu yeyote hajaigusa. Asia atatoka edani leo magharibi na hajui kesho atalala wapi. Kwa hiyo nakuuliza mbele ya wenzako. Jumapili ile ulisikia nini, ukanyamaza?"

Haya, wasomaji. Nilisema macho yangu yalinidanganya. Sikusema kitu kuhusu masikio.

Niliisikia. Kabla Kasiani hajaandika "ya mnadani", saa ilinifikia mkononi nikaiweka sikioni kama ninavyofanya kwa kila saa. Ndani yake mlikuwa na mlio wa polepole, mzito, wa chuma kilichotulia. Mlio huo niliwahi kuusikia mara moja tu, Lindi, kwa mzee aliyenifundisha kazi, na aliniambia: ukiusikia huu tena, vua kofia.

Sikuvua kofia. Wenzangu walikuwa wameshacheka. Na Jumapili ile ile, baada ya miezi saba ya kungoja ushindi, saa yangu mimi ilikuwa imetangazwa feki yenye adabu kuliko zote. Ningesema ile ya Issa ni ya kweli, mzani wetu, mibofyo yetu, daftari la Mwalimu, vyote vingekuwa mchezo wa watoto, na ushindi wangu pia. Nikampitishia Joshua saa, nikasema, "Kawaida tu."

Kwa maneno hayo mawili mwanamke anapoteza nyumba. Siku mbili hizi nimemshuku kila mtu, mpaka mama wa mwanangu, na wakati wote mwongo alikuwa ndani ya shati langu.

"Mfaume," akasema Kasiani. Hajawahi kuniita kwa jina, siku zote ni Fundi. "Ulisikia nini?"

Nikafungua mdomo.

"Hodi!"

Sauti ilitoka mlangoni, nzito, ya mtu asiyengoja kukaribishwa. Joshua akainamisha kichwa, akageuza simu yake kifudifudi. Nikajua sasa alikuwa anamwandikia nani.

Ramadhani akaingia barazani na fimbo yake, na nyuma yake wazee wawili wa ukoo. Akaiona saa imelala wazi mezani, gundi na plastiki vikionekana, na mfuniko mkononi mwangu. Akatabasamu.

"Nimeambiwa mnaipima tena," akasema. "Nikaona ya nini tungoje kesho?"

Kwenye spika Latifa alikuwa bado yupo. Nilimsikia akipumua.

Mwalimu Kasiani akasimama, akamvutia Ramadhani kiti kwa heshima zote, akakiweka kikinitazama mimi.

"Karibu, mzee wangu, kaa," akasema. "Umefika wakati mzuri. Fundi alikuwa anataka kutuambia alichokisikia."